Bosi, unalima au unacheza gofu?

KUNA kitu kimoja kinachoweza kumfanya mheshimiwa mwenye suti na dereva wake atukane mbele za watu bila kuona haya. Si siasa, si mapenzi, wala si foleni ya magari. Ni mpira mdogo mweupe uliotulia zake juu ya majani. Haukimbii, haulindwi na beki, wala hauna kipa. Na bado anaukosa!

Mpenzi msomaji, mimi nimebeba mifuko ya gofu hapa Dar es Salaam kwa miaka kumi na mbili kabla sijaanza kuwaelekeza wanaojifunza. Nimewabebea mameneja wa benki, madaktari, wafanyabiashara wa Kariakoo na wake zao. Si unajua tena, kedi ana macho. Hasemi kitu kwa sababu bosi ndiye anayelipa, lakini anaona kila kitu. Leo nayasema yale ambayo kedi wako anayaona kila Jumamosi na anaona aibu kukuambia.

Neno lenyewe ni fupi. Bosi, wewe hupungukiwi nguvu. Fimbo yako inagusa chini mahali pasipotakiwa. Basi!

SEKUNDE HAIJAISHA, KAZI IMEKWISHA

Kwanza tuujue mpira wenyewe. Kwa mujibu wa sheria, mpira wa gofu usiwe na kipenyo cha chini ya milimita 42.67, na uzito wake usizidi gramu 45.93. Ni kidude kidogo hasa. Na muda ambao fimbo na mpira vinagusana ni kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukisikia ule mlio wa "ta!", mpira umeshakwenda zake zamani.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba huwezi kurekebisha lolote pale fimbo inapougusa mpira. Mikono yako haina habari. Kila kitu kimeshaamuliwa na ulivyosimama, ulivyoigawa miguu uzito na njia ambayo fimbo imekuja nayo.

Chukua draiva kwa mfano. Kichwa cha fimbo kikija kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa na kuupata mpira katikati kabisa ya uso wake, mpira unaondoka kwa kasi inayokaribia kilomita 240 kwa saa. Ukiupata pembeni kwa upana wa kidole tu, kasi inashuka, mpira unapinda na mkono unapata ganzi. Misuli ni ile ile, jasho ni lile lile, lakini mali imepotea njiani.

Ndiyo maana, msomaji wangu, usishangae kumwona mama wa miaka 60 akimwacha kwa mbali kijana aliyejazia kifua kwa kunyanyua vyuma. Mama anaupata mpira katikati. Kijana anapata upepo na udongo.

NDUGU WAWILI, MAMA MMOJA

Sasa tuje kwenye magonjwa yenyewe. La kwanza sisi makedi tunaliita kulima. Fimbo inatua nyuma ya mpira, inachimba kipande cha ardhi kama cha kupandia mihogo, na mpira unasogea hatua tano. Udongo unafika mbali kuliko mpira!

La pili ni kupiga kichwa. Fimbo inaugonga mpira kwa juu au kiunoni, nao unakimbia chini chini kama panya aliyefumaniwa jikoni. Ukiwa karibu na griini ndiyo balaa zaidi, maana unavuka griini na kuingia kichakani upande wa pili.

Watu wengi wanadhani haya ni magonjwa tofauti. Aliyelima anaambiwa "umeshuka sana", na aliyepiga kichwa anaambiwa "umeinua kichwa". Basi leo analima, anajilazimisha kuinuka. Kesho anapiga kichwa, anajilazimisha kuinama. Keshokutwa hajui hata jina lake.

Kumbe mara nyingi hao ni ndugu wawili, mama yao mmoja! Mama huyo ni sehemu ya chini kabisa ya mzunguko wa fimbo kuwa nyuma ya mpira. Fimbo inazunguka kama gurudumu, na gurudumu lina mahali pamoja tu pa kugusa chini. Pakiwa nyuma ya mpira, kuna mambo mawili. Ama fimbo inachimba hapo hapo, ndiyo kulima, ama inapita juu juu na kuukuta mpira wakati yenyewe inapanda, ndiyo kupiga kichwa. Ugonjwa ni ule ule, ni dalili tu zinazobadilika.

Na kwa nini gurudumu linagusa nyuma? Kwa sababu bosi anataka kuunyanyua mpira. Anaegemea mguu wa nyuma, anakunja viwiko, anachota. Jamani, gofu si kuchota maji mtungini kwa kata! Uso wa aironi umelazwa makusudi na fundi aliyeitengeneza. Kazi ya kuupandisha mpira ni ya fimbo. Kazi yako ni kushuka. Ukishuka vizuri, mpira unapanda wenyewe.

KUMBUKA FYEKEO LA SHULE

Wewe uliyesoma shule ya msingi unalijua fyekeo. Asubuhi, mstari, halafu mwalimu wa zamu anagawa maeneo. Hukufundishwa fizikia, lakini mkono ulijifunza wenyewe. Ukiegemea nyuma, fyekeo lilikwangua udongo mapema kisha likapaa juu ya majani uliyoyataka. Ukihamisha uzito kwenye mguu wa mbele, lilikata pale pale kwenye shabaha na kuendelea kwenda.

Gofu ni hivyo hivyo. Kwa aironi, wachezaji wa kulipwa hugusa chini kabisa inchi chache mbele ya mpira, yaani upande wa shabaha. Fimbo inaukuta mpira wakati bado inashuka. Kwa wanaume wa ziara kuu ya Marekani, aironi namba 6 hushuka kwa wastani wa digrii kama 4 hivi. Si kuchimba kisima, ni mteremko mdogo tu. Mpira kwanza, majani baadaye.

Nilipokwenda Nairobi mwaka 2019, mashindano ya Kenya Open yalipochezwa Karen na kuingia kwa mara ya kwanza kwenye ziara kuu ya Ulaya, watu walikuwa wakitazama mipira angani. Mimi nilitazama chini. Mchezaji akiondoka nasogea kamba, nachungulia pale alipopiga. Kila nilipopaona vizuri, kipande cha majani kilianza kung'oka pale mpira ulipokuwa au mbele yake, si nyuma. Mwitaliano Guido Migliozzi ndiye aliyeondoka na kombe mwaka ule. Wakubwa kama Seve Ballesteros mwaka 1978 na Ian Woosnam mwaka 1986 waliwahi kulibeba. Kila mmoja wa hawa ana staili yake ya kuzungusha fimbo, lakini mpira hautazami staili. Unatazama umeguswa wapi.

SHANKI: MPIRA UNAOTAFUTA MTU

Kuna ugonjwa wa tatu ambao makedi hawautaji kwa sauti, ati usije ukawaambukiza wachezaji. Unaitwa shanki. Hapo mpira haugusi uso wa fimbo, unagusa shingo yake, pale mti unapoingia kwenye kichwa. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mpira unachomoka kulia, chini chini na kwa kasi. Hautoi taarifa.

Hili kwangu si la kuchekea. Mwenzangu mmoja tuliyeanza naye kazi alisimama mbele kidogo, upande wa kulia wa bosi, hatua kama kumi. Ulikuwa mpigo mfupi wa kuingia griini, mpigo ambao kila mtu anauona salama. Mpira ukagonga shingo ya fimbo na kumpata taya. Meno mawili yalitoka palepale. Klabu sitaitaja, na bosi yule sitamtaja, maana alishtuka kuliko sisi wote na akampeleka hospitali kwa gari lake. Lakini mwenzangu hakurudi tena kubeba mfuko. Hadi leo anauza vocha na anakula chakula kwa upande mmoja.

Tangu siku ile nikaanza kuuliza mpira unafikaje kwenye shingo. Jibu ni kwamba katikati ya mzunguko, fimbo inasogea nje, mbali na mwili. Mara nyingi uzito unakuwa umehamia kwenye vidole vya miguu, mtu anauangukia mpira. Au amesimama karibu mno tangu mwanzo. Au mikono inasukumwa mbele kwa hofu badala ya kurudi karibu na mapaja.

Kwa hiyo ninaposema tujifunze kuupata mpira katikati, sizungumzii pointi tu. Kuna mtu amesimama pale kulia kwako, ana watoto, na hana kofia ya chuma.

HATA WAKUBWA WAMEAIBIKA

Usife moyo, ndugu yangu. Tarehe 6 Februari 1971, mwanaanga Alan Shepard wa Apollo 14 alipiga gofu juu ya mwezi. Alichukua kichwa cha aironi namba 6, akakichomeka kwenye mpini wa kifaa cha kuchukulia udongo, akapiga kwa mkono mmoja kwa sababu vazi lake lilimbana. Mwanzoni akafukua vumbi kuliko mpira! Mwezini nako wanalima. Baadaye akaipata na kujisifu kwamba mpira umekwenda maili na maili. Picha zilipochunguzwa upya mwaka 2021, mipira yake miwili ilionekana kwenda yadi 24 na yadi 40 tu.

Mwaka 1972, Johnny Miller alikuwa bega kwa bega na Jack Nicklaus siku ya mwisho pale Pebble Beach, California. Shimo la 16 akapiga shanki mbele ya kamera. Nicklaus akashinda kwenye mchezo wa ziada. Miller akalia? Hapana. Mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wa wazi wa Marekani kwa kupiga mipigo 63 siku ya mwisho pale Oakmont.

Na T.C. Chen wa Taiwan je? Mwaka 1985 aliongoza ubingwa huo huo kwa mipigo minne siku ya mwisho. Shimo la tano, kwenye majani marefu, fimbo yake ikaugusa mpira mara mbili kwa mpigo mmoja. Akamaliza shimo kwa mipigo 8, na mwisho wa siku Andy North akamshinda kwa mpigo mmoja tu. Sheria ya wakati ule ilimwongezea adhabu ya mpigo. Tangu mwaka 2019, ukiugusa mpira mara mbili kwa bahati mbaya unahesabiwa mpigo mmoja, huna adhabu. Chen alizaliwa mapema mno.

DAWA ZA NYUMBANI

Haya, tuje kwenye dawa. Nazieleza kwa mtu wa mkono wa kulia; wa kushoto ageuze. Na uzifanyie uwanja wa mazoezi, si katikati ya mashindano.

Kwanza, mstari wa chokaa. Chora mstari mmoja kwenye majani, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, halafu zungusha fimbo bila mpira. Tazama majani yameng'oka wapi. Yakianza kung'oka kwenye mstari au mbele yake, umepona. Yakianza nyuma, bado unachota. Fanya mara kumi kabla ya kugusa mpira wowote. Hii ndiyo dawa mama, na haina gharama. Ila usiifanyie kwenye mkeka wa plastiki. Mkeka ni mwongo, maana fimbo inatua nyuma, inateleza, inaupata mpira, nawe unaondoka unajisifu.

Pili, taulo. Likunje, liweke kama sentimita 15 hadi 20 nyuma ya mpira. Piga mpira bila kuligusa taulo. Ukiligusa, uzito umebaki nyuma. Usiongeze nguvu, hamisha uzito. Fimbo inapofika kwenye mpira, sehemu kubwa ya uzito wako iwe mguu wa kushoto.

Tatu, poda. Ile ya mtoto, au chaki ya shule. Paka kidogo kwenye uso wa fimbo, piga mpira, tazama alama. Wengi wanajua mpira ulikokwenda lakini hawajui ulitokea wapi usoni. Alama ikiwa karibu na shingo, sogea nyuma kidogo na weka uzito katikati ya nyayo. Ikiwa kwenye ncha, pengine uko mbali mno au unakunja mikono. Poda haimwogopi bosi kama kedi anavyomwogopa, inasema kweli.

Nne, kwa wenye shanki, boksi tupu. Liweke upande wa nje wa mpira, ukiacha vidole viwili kati ya boksi na ncha ya fimbo. Piga bila kuligusa. Boksi liwe jepesi, la karatasi. Usiweke tofali, utakuja kunilaumu.

Tano, malizia. Ukishapiga, simama hapo hapo uhesabu moja, mbili, tatu. Kitovu kitazame shabaha, mguu wa kulia usimame kwa kidole. Ukiyumba kurudi nyuma, umeshajijibu mwenyewe. Leo simu ya mkononi ina kamera. Mpe mtu akurekodi kutoka mbele yako kwa mwendo wa taratibu, utayaona yote haya bila kumlipa mwalimu.

Na mpira uweke wapi? Kwa aironi fupi, katikati ya miguu. Kadiri fimbo inavyokuwa ndefu, usogeze mbele kidogo kidogo, hadi draiva ambapo unakaa usawa wa kisigino cha kushoto. Draiva ina desturi yake, kwa sababu mpira uko juu ya kijiti. Hapo si vibaya fimbo kuukuta mpira wakati imeanza kupanda. Akina mama wa ziara kuu ya Marekani ndivyo wapigavyo kwa wastani.

Jambo lingine ni fimbo zenyewe. Wengi wetu tunaanza na seti za mitumba, au za kurithi kwa bosi mrefu kuliko sisi. Fimbo ndefu kupita kimo chako inakulazimisha usimame wima na kuigusisha chini mapema. Kabla hujajilaumu, pima fimbo.

MTAKA CHA MVUNGUNI

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukishainamia mpira, baki na kimo hicho hicho mpaka uondoke. Lakini wahenga hao hao walisema akili nyingi huondoa maarifa. Usisimame juu ya mpira na mambo kumi na mawili kichwani.

Mtazame Ian Baker-Finch wa Australia. Mwaka 1991 alitwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza. Mwaka 1995 pale St Andrews, kwenye shimo la kwanza lenye uwanja mpana kiasi cha kupitisha mifugo, akaupeleka mpira nje ya mipaka upande wa kushoto. Mwaka 1997 alipiga mipigo 92 siku ya kwanza, akajitoa. Mikono ile ile iliyobeba kombe! Kwenye mazoezi ufikirie. Kwenye mchezo chagua jambo moja tu. Mimi nawaambia wanafunzi wangu wachague "mguu wa kushoto". Mengine yatafuata.

Na legeza mikono. Shika fimbo kama unavyomshika kifaranga, asikutoroke na asife. Mtu anayekaba fimbo huku analima anajiumiza. Ukigonga mzizi au ardhi ngumu ya kiangazi, kuna kijifupa cha kiganja chenye umbo la ndoana, upande wa kidole kidogo, ambacho huvunjika kwa sababu mwisho wa mpini unakikandamiza. Ukiona maumivu hapo yasiyokwisha, nenda hospitali ukapigwe picha, usikandekande.

Mwisho kabisa, wewe mpigaji, kabla hujapiga mtafute kedi wako kwa macho. Asiwe mbele yako hata hatua moja, asiwe kulia mbele, hata kwa mpigo wa mita ishirini. Mpira ukichomoka ovyo, piga kelele "fo!" kwa sauti yote, usione aibu. Nawe kedi, mdogo wangu, simama nyuma ya mstari wa mpira na usitazame simu. Bakshishi ni nzuri, lakini meno hayauzwi dukani.

Haya wapenzi, nendeni mkafyeke vizuri. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaingia griini tuone kwa nini mpira wa hatua mbili unawatoa watu machozi.